Mtoto kaona katuni ya kutisha kwenye simu yangu, kosa ni langu au la walioiweka?

MamaWawili:
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika na mimi mwenyewe sijui nisimame wapi.

Nina mtoto wa miaka sita na mwingine wa minne. Juzi jioni nilikuwa namalizia kazi nikampa huyu mkubwa simu aangalie wimbo wa alfabeti, ule anaoupenda, niliuweka kwa mkono wangu mwenyewe nikauona unaanza ndo nikaondoka. Baada ya kama nusu saa nikaona kimya, na nyie wenye watoto mnajua kimya cha mtoto si cha kukiamini hata kidogo. Kwenda nikamkuta kajikunyata, simu iko mapajani, kwenye kioo kuna katuni ya yule mhusika anayempenda kuliko wote, mpaka kwenye blanketi lake yupo, ila anang'olewa meno na koleo damu zinachuruzika na mwenyewe anacheka. Sauti ile ile, rangi zile zile, ukiwa unapita kwa mbali huwezi kujua kama kuna tatizo. Nikainyakua simu nikazima.

Tangu siku hiyo mswaki ni vita. Akiuona tu anaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hata usiku analala kauziba, naumia kwakweli.

Sasa baba yao anasema hawa watu wafungiwe, serikali ziko wapi, mtu anatengenezaje kitu kama kile na kukiweka sehemu ya watoto. Wifi yangu yeye kanijia juu, kasema simu umeigeuza yaya alafu unamlaumu yaya. Imeniuma, ila kuna kaukweli ndani yake siwezi kukataa. Kitu kimoja tu kinanisumbua, nilifungua historia ya kwenye simu nikahesabu. Wimbo wa alfabeti ndo wa kwanza, ile ya meno ni ya kumi na mbili. Mimi niliweka moja. Hizo kumi na moja zilikuja zenyewe.

Kwahiyo swali langu, jukumu langu kama mzazi linaishia wapi na la hao wengine linaanzia wapi? Na je kufungia kabisa ndo dawa? Naomba msinitukane.

Mkweli_Daima:
Wifi yako kasema kweli, pole. Mtoto wa miaka sita na simu wapi na wapi. Alafu mwambie mumeo hayo mambo ya kufungia fungia ndo mlango wenyewe, leo wanafungia katuni kesho wanafungia habari na keshokutwa wanakuchagulia wewe mtu mzima uangalie nini, na siku zote wakitaka kuanza wanaanza na "tunawalinda watoto" maana nani atasimama apinge. Lea mwanao mwenyewe.

FundiMitambo:
Dada pole sana. Kabla hujajilaumu zaidi ngoja nikueleze kilichotokea ndani ya hiyo simu maana mi kazi yangu ni programu na haya mambo nayaelewa kidogo.

Hizo kumi na moja ndo habari yote. Ile apu haijui alfabeti wala haijui meno, inachojua ni kwamba watoto wengi waliomaliza video hii wakipewa na ile hawaondoki. Basi inampa na ile, kisha nyingine, kila hatua inasogea kidogo tu. Wajanja waligundua hilo zamani, wanachukua sura ya mhusika maarufu, wanapaka rangi kali, jina la video wanalijaza maneno ambayo watu hutafuta wakiwa na watoto hata kama hayaungani, mashine inaona hii inafanana na zile nzuri inaiweka kwenye foleni. Na hii si tetesi, 2017 ilikuwa kashfa kubwa ya YouTube mpaka ikapewa jina, Elsagate, wahusika wa katuni wanaojulikana wakaonekana kwenye vurugu na mambo machafu, na baadhi ya video zilipenya mpaka YouTube Kids ambayo ilitoka 2015 ikiwa maalumu kwa watoto. Zikafutwa nyingi sana baada ya watu kupiga kelele. Ukiuliza walikuwa wanazitengeneza kwanini, wengi ni hela ya matangazo tu. Mtoto haruki tangazo na hachoki kurudia kitu kile kile mara arobaini.

Sasa mimi natofautisha vitu viwili ambavyo hapa naona mnavichanganya. Kuna kufungia, yani mtu anaambiwa usichore hiki usitoe kile, hiyo mi siipendi kama Mkweli_Daima asivyoipenda. Na kuna kusukuma. Ile katuni kuwepo mahali kwenye intaneti ni jambo moja, kumletea mtoto ambaye hakuiomba ni jambo lingine, hapo kuna kampuni imeamua, hata kama imeamua kwa kutumia mashine. Kuiambia kampuni acha kusukuma si kumziba mtu mdomo. 2019 mamlaka za Marekani ziliwabana Google na YouTube wakalipa dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto bila ruhusa ya wazazi, na kuanzia Januari 2020 anayeweka video lazima aseme kama ni ya watoto au la, na kwenye hizo za watoto matangazo yanayomfuatilia mtu yakaondolewa. Katuni hata moja haikupigwa marufuku pale. Waliguswa mfukoni.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, ila hili linamjua mwanao kuliko wifi yako na bado linakula.

Kwa leo fanya hivi, zima ile ya video kujicheza zenyewe moja baada ya nyingine, na kama unatumia ile apu ya watoto kuna sehemu ya kuruhusu tu video ulizozichagua wewe, kutafuta kunazimika kabisa. Ila nakuambia ukweli setingi peke yake hazitoshi. Marekani 1996 walipitisha sheria kwamba televisheni za kuanzia inchi 13 ziwe na chipu ya mzazi kufungia vipindi, kufika Januari 2000 seti zote mpya zinazo. Waliokuja kuitumia ni wachache tu, wengine iko sebuleni na hawajui kama ipo. Kwahiyo mtu akikuambia "setingi zipo ni uvivu wako" ujue kampuni zinaipenda sana hiyo sentensi.

MwalimuMstaafu:
Wanangu nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, nimewasoma wote. Mama pole, na hukufanya kosa kuuliza.

Mimi neno "wafungiwe" huwa linanikumbusha vitabu vya katuni vya Marekani. 1954 daktari mmoja wa akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu akisema katuni ndo zinazalisha watoto wahalifu, Baraza la Seneti likakaa kusikiliza, wazazi wakapata hofu, kuna sehemu vitabu vilichomwa moto. Wachapishaji wakaogopa serikali itawaingilia wakaamua kujifunga wenyewe, wakaandika kanuni na kuweka ofisi ya kukagua kila ukurasa, kitabu kikipita kinapigwa muhuri, kisipokuwa na muhuri wauzaji wengi hawakigusi. Wanyonya damu marufuku, maiti zinazotembea marufuku, mpaka baadhi ya maneno kwenye jina la kitabu marufuku. Na kiukweli baadhi ya vitabu vile vilikuwa vichafu, mimi sitawatetea.

Lakini tazameni mkasi ulikwenda wapi. 1956 kampuni moja ilipeleka hadithi ya mwanaanga anayefika sayari ya maroboti yaliyobaguana kwa rangi, ya chungwa na ya bluu, ni mashine za namna moja tofauti ni ganda la nje tu. Mwisho mwanaanga anavua kofia yake na ni mtu mweusi. Mkaguzi akasema huyu asiwe mweusi. Hapakuwa na damu wala koleo mle ndani. Mwenye kampuni, William Gaines, akagoma na ikatoka kama ilivyo, ila baada ya hapo hakuendelea tena na vitabu hivyo, akabaki na jarida lake la vichekesho. Kisha 1971 idara ya afya ya Marekani yenyewe inamwomba Stan Lee, mwandishi wa vitabu hivyo wa kampuni ya Marvel, aandike hadithi ya kuwaonya vijana na dawa za kulevya, akaandika, ofisi ya muhuri ikakataa kwa sababu kanuni inasema dawa za kulevya zisitajwe! Ikabidi Marvel wachapishe bila muhuri, na mwaka huo huo kanuni ikalegezwa. Na yule daktari, mtafiti anaitwa Carol Tilley alipekua makaratasi yake akaonyesha mwaka 2012 kwamba alikuwa akichezea ushahidi, anaunganisha maneno ya watoto tofauti, anaacha yasiyomfaa.

Mkaguzi anaanza na kitu kinachotisha watoto na anamalizia na kitu kinachowatisha wakubwa. Hiyo ndo hofu yangu, na mimi si mtu wa kupinga sheria kwa kupenda kubishana.

(Mimi mwenyewe nilikuwa naficha vitabu hivyo chini ya godoro. Mama alijua siku zote, alikuwa akitandika anavipanga vizuri anavirudisha.)

MamaPekee:
Mnaongea vizuri sana ila wengi mnaongea kama vile kila mtoto ana mtu mzima wa kukaa pembeni yake saa zote. Mimi nalea peke yangu. Nikirudi nimechoka na bado kuna nguo, kuna kupika, kuna daftari la shule. Hiyo nusu saa ya simu si anasa ni pumzi. Mkweli_Daima unaposema lea mwanao, naomba unieleze saa ngapi.

Na mimi nilizima kila kitu, nikafuata maelekezo yote, mwanangu kaenda kuona kwenye simu ya binamu yake wa miaka kumi na tatu. Sasa hapo mzazi mwenye jukumu ni nani, mimi, dada yangu, au huyo mtoto wa kumi na tatu? Mzazi mmoja hawezi kuweka uzio kuzunguka dunia nzima.

Ndo maana mi sheria ya Australia niliifurahia. Waliipitisha Novemba 2024 ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, chini ya miaka 16 huruhusiwi akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, kampuni isipochukua hatua faini inafika dola milioni 49.5 za kwao, na mtoto hapigwi faini wala mzazi hapigwi. Hicho ndo nilichokipenda, kwa mara ya kwanza naona sheria ya watoto ambayo haianzi kwa kunyooshea mama kidole.

Mkweli_Daima:
MamaPekee samahani, kwenye muda sina jibu, nakiri. Ila hiyo sheria uliyoifurahia isome vizuri, inazuia akaunti, kuangalia video bila kuingia kwenye akaunti bado ruksa. Mtoto wa miaka sita hana akaunti, anaangalia ya mama yake. Katuni ya meno ingepita hapo katikati inapunga mkono. Na ili wajue nani ana 16 lazima wawe na namna ya kupima umri, sura au vitambulisho au vyovyote, kwahiyo tunampa taarifa zaidi yule yule aliyelipa milioni 170 kwa kuchukua taarifa. Hebu nielezeni hapo mimi ndo sielewi.

FundiMitambo:
Hapo umenena bana, nami sina la kupinga. Ndo maana nikasema shida ni kusukuma. Lango unaweka kwa mwenye akaunti wakati mlango wa nyuma foleni inaendelea kujipanga.

NesiWaZamu:
Nimechelewa kuiona hii. Nyie mnajadili sheria (na ni muhimu), mi niseme kidogo kuhusu huyo mtoto maana naona kasahaulika humu ndani.

Mama, watoto wa umri wa kama miaka mitatu mpaka saba wanaogopa zaidi muonekano. Ukimwambia "ile si kweli, ni katuni" haimsaidii sana, kwake kinachoonekana kinatisha ndo kinatisha, tofauti na mkubwa wa miaka kumi ambaye anaogopa kitu kinachoweza kumtokea kweli, mwizi au ajali. Kwahiyo maneno mengi weka pembeni. Usimwonyeshe tena video eti umthibitishie. Umpe kitu cha kufanya kwa mikono, achore yule mhusika amrudishie meno yote, au kwasababu umesema yuko kwenye blanketi, mpe mswaki mkavu yeye ndo awe daktari. Usimlazimishe kupiga wake kwanza. Hofu kama hizi kwa wengi huisha siku kadhaa mpaka wiki chache, ikipitiliza au akianza kukataa kula muone mtu wa afya ya watoto.

Na mjadala wenu, mimi niko katikati, nitawapa mfano mmoja. Desemba 1997 Japani kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilikuwa na mwanga mwekundu na bluu unaomweka haraka haraka kwa sekunde kadhaa, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali usiku ule, wengine degedege. Hakukuwa na damu, hakukuwa na tusi. Niambieni mzazi gani makini kiasi gani, kakaa pembeni kabisa kwenye kochi, angeliona hilo kabla? Baadaye vituo vya televisheni vikawekewa miongozo ya kasi ya mwanga na katuni zikaendelea, Pokémon yenyewe ipo mpaka leo. Kuna madhara mengine yanazuiliwa kiwandani tu, huko nyumbani hayazuiliki. Lakini mimi kama nesi sitaki mtu wa kiwandani aniamulie mwanangu asome hadithi ya huzuni au asisome, hiyo ni yangu.

MwalimuMstaafu:
Nesi umeniweka sawa. Mwanga ni kitu cha kupimika, una kasi yake, una sekunde zake. Hadithi haipimiki hivyo. Pale kinapopimika mimi sina shida na sheria. 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya California ya kukataza kuwauzia watoto gemu za vurugu, na jaji Scalia akakumbusha kwamba hata ngano za watoto za zamani zimejaa damu, Hansel na Gretel wanamsukumia mchawi kwenye tanuri. Nilizisimulia darasani miaka yote na watoto waliniomba nirudie hapo hapo kwenye tanuri. Ila nilikuwepo, nilikuwa naona nyuso zao, nikiona mmoja kaanza kujikunja nafupisha. Simu haifupishi.

BabaMapacha:
Mi sina historia wala sheria. Kwetu simu ikiwa kwa mtoto inakaa mezani sebuleni, sauti juu, hakuna vifaa vya masikio. Siangalii, nasikiliza tu. Sauti ikibadilika najua. Nimewahi kukimbia kutoka bafuni na povu kichwani, ikawa ni tangazo la sabuni.

MamaWawili:
Jamani asanteni wote, hata Mkweli_Daima. Nimesoma yote mara mbili na mume wangu kasoma, ile ya katuni za 1954 imemnyamazisha kidogo, sasa hivi anasema "wafungiwe ile foleni" sijui kaitoa wapi haha.

Nimezima kujicheza zenyewe. Nimehamia ile ya kuchagua mwenyewe, inachosha kweli, nilikaa saa nzima kuchagua video ishirini na amezimaliza ndani ya siku mbili.

Ila nataka niwaambie kitu kingine. Jana tulichora kama Nesi alivyosema, na wakati anachora nikamuuliza taratibu tu, ulipoona inatisha kwanini hukuniita? Hakuninyanyulia macho. Akasema, "ungechukua simu."

Na ni kweli. Siku zote nilikuwa namwambia ukiangalia vibaya nakunyang'anya, nilifikiri hapo ndo nalea. Kumbe yeye alikaa na ile kitu peke yake mpaka mwisho kwasababu kuizima aliogopa itarudi na kuniita aliogopa itaondoka. Na mimi nilipofika nilifanya nini, niliinyakua. Sijamwambia wifi, najua atasema "si nilisema."

Sasa tumepatana, ikija inayotisha anageuza simu kifudifudi mezani ananiita na siichukui, tunachagua nyingine pamoja. Sijui kama itashika. Leo kageuza mara tatu na zote zilikuwa nyimbo za kawaida tu, anajaribu kuona kama nimesema kweli. Nimeenda zote tatu.

NesiWaZamu:
Nenda hata ya kumi. Mswaki je?

MamaWawili:
Asubuhi kamswakisha yule wa kwenye blanketi, dawa ya meno nusu nzima, kisha akafungua wake mdomo kidogo, meno ya mbele tu. Blanketi liko kwenye kamba linakauka.